Nililamba Mawe Miaka Kumi na Mmoja

Kama unasoma haya kwenye benchi la hospitali, faili mapajani na namba yako bado haijaitwa, nakuomba ujiandae kwa swali moja: unafanya kazi gani, na unaifanya vipi? Lijibu kwa kirefu hata kama hakuna aliyekuuliza. Mimi niliulizwa mara moja tu, baada ya miezi mitano ya kuzunguka, na hata hapo nilijibu vibaya.

Siwezi kusimulia ugonjwa huu kwa mpangilio kwa sababu sikuuishi kwa mpangilio. Kuna wiki nzima ambazo nimesimuliwa na watu. Nikiandika "nilisema", mara nyingine maana yake ni "naambiwa nilisema". Nitajaribu kutenganisha, lakini sitakuapia.

Naitwa Mwikali. Tunaishi Katelembo, na nyuma ya nyumba tuna chumba cha mabati ambacho mume wangu, Mutua, alikijenga kiwe cha kuku. Kuku walikaa humo msimu mmoja. Nikawahamisha, nikaweka meza, mashine ya kusagia mawe, jiko la makaa na mtungi wa gesi wenye tochi yake ya kutoa moto, na tangu siku hiyo tunakiita wakshop ingawa mvua ikinyesha bado kinanuka kuku. Humo natengeneza pete, vidani na herini za fedha na shaba, na kupachika mawe: ganeti nyekundu, yale ya kijani yanayotoka upande wa Taita, na mengine ya zambarau. Na kwa kuwa vitu vidogo vikinichosha nakuwa mtu mbaya, natengeneza pia ndege wa vyuma, korongo na kanga, kwa minyororo ya baiskeli na spana zilizochoka. Ndege hao wamesimama kwenye bustani za watu hadi Syokimau.

Korongo ana miguu myembamba, kwa hiyo upepo ukivuma anaanguka. Ili asimame lazima umwekee uzito kwenye kitako, na uzito ulio rahisi kupatikana ni madini ya risasi, yale ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari zilizokufa. Unayayeyusha kwenye sufuria juu ya makaa, unamimina, unangoja yapoe. Kando ya hilo kuna habari ya ulimi. Jiwe likitoka ardhini lina ngozi ya vumbi na halikuambii kitu. Ukililoanisha, rangi yake inajitokeza na nyufa zake zinaonekana. Maji yangetosha kabisa. Lakini watu wa mawe, awe mchimbaji, broka au fundi, hawatafuti maji. Wanalamba, wanaliinua kwenye mwanga, wanatema kidogo pembeni, ndipo wanataja bei. Ukichovya jiwe kwenye kikombe mbele ya broka, anajua wewe ni mgeni na anakuuzia kipande cha chupa.

Nililamba mawe miaka kumi na mmoja. Nililamba nikinunua, nililamba nikikata, nililamba nikipachika, na yote yalikuwa yamelala kwenye meza ileile iliyopokea moshi na vumbi la sufuria ya risasi. Nilikuwa najisifu kwa wageni kwamba ulimi wangu hauna mwenzake Machakos nzima. Hivyo ndivyo nilivyojilisha sumu, jiwe kwa jiwe, huku nikijiona mjuzi.

Hayo nayajua leo. Wakati ule sikujua chochote.

Ilianza msimu wa baridi. Mwezi wa saba kwetu una ubaridi wa kuingia kwenye mifupa, na mwaka huo nilipata kazi ya korongo sita, kwa hiyo nilifunga dirisha la wakshop ili upepo usinizimie tochi. Nikayeyusha risasi siku baada ya siku mlango ukiwa umerudishwa. Tumbo likaanza kunikaba. Halikuhara, lilifunga, siku nne, siku tano, kisha maumivu ya kunikunja hadi nashika ukingo wa meza. Chai ikawa na ladha ya sarafu. Ugali pia, maji pia.

Kliniki ya kwanza mjini waliniambia ni amiba. Ya pili wakasema taifodi, nikadungwa sindano siku saba mfululizo, kushoto, kulia, hadi nikawa nakaa kwa upande. Ya tatu wakasema alsa, vidonda vya tumbo, nikaacha maharagwe, pilipili na chai, yaani nikaacha maisha. Kila mahali palikuwa na benchi la mbao, televisheni iliyowashwa bila sauti, na mtu mmoja anayejua kila kitu kuhusu ugonjwa wako kuliko daktari. Nilikonda. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni zenyewe, zipu ikija mbele.

Kisha kichwa nacho kikaondoka. Sijui namna nzuri ya kulisema. Niliingia wakshop na kusimama nikishika tupa, nisijue nilitaka kusugua nini. Nilimwita mwanangu Mumo, aliye shule ya bweni, aje ale. Mutua akaniambia polepole kwamba Mumo yuko shuleni, nami nikamkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyemficha. Hasira nilikuwa nayo tangu zamani, sitadanganya, hata mama yetu alisema mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu. Lakini hii ilikuwa nyingine. Ilikuja bila sababu na iliondoka bila kuniaga.

Sasa nifike kwa Kalondu, maana yeye ndiye sababu ya mimi kuandika.

Kalondu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alifanya kazi nami miaka minne. Aliunga vidani, alisuka waya, na alipokea wateja kwa kuwa mimi nikipokea huwa hawarudi. Alikuwa akija asubuhi kutoka kwa mumewe, anavua viatu mlangoni, anawasha redio, na tunakaa bega kwa bega hadi jua lizunguke upande wa pili wa bati. Alilamba mawe kama mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Mwishoni mwa mwezi wa nane jiwe lilipotea. Lilikuwa jiwe la kijani, dogo kama punje ya hindi, mali ya mama mmoja wa Syokimau aliyetaka lipachikwe kwenye kidani. Hivi ndivyo ninavyokumbuka.

"Kalondu, jiwe la yule mama liko wapi?"

"Si wewe ulikuwa nalo jana?"

"Nilikuwa nalo jana. Leo halipo. Na humu ndani tuko wawili."

Nikamwambia amwage mkoba wake juu ya meza. Akamwaga. Funguo, leso, kitana, kijitabu cha kliniki, simu. Nilipekua vitu vya dada yangu kimoja kimoja, na kile kijitabu nilikisukuma kando bila kukifungua, kwa sababu nilikuwa natafuta jiwe. Nikamwambia atoke na asirudi. Akakusanya vitu vyake na kuondoka. Hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani kwa miezi minne: nilimfukuza dada yangu kwa sababu ya jiwe.

Siku chache baadaye Mutua alifunga wakshop kwa kufuli na kuweka ufunguo mfukoni mwake. Nilipomuuliza alisema niliacha gesi wazi. Niliamini, kwa kuwa nilikuwa nikiacha kila kitu wazi.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilinikuta mkono wangu wa kulia umeanguka. Niliamka, nikataka kushika kikombe, na kiganja kikaning'inia kutoka kifundoni. Vidole nilivikunja vikakunjika, lakini mkono wenyewe haukuinuka. Kikombe kilianguka, cha pili kikaanguka, na Mutua akaleta cha plastiki. Watu wa kanisani walikuja kuniombea, na mmoja akasema ni stroki, mwingine akaninong'oneza kwamba kuna watu hawapendi maendeleo yangu. Maendeleo gani, nilitaka kumuuliza, sketi yenyewe inazunguka.

Mutua anafanya kazi kiwandani Athi River. Alibadilishana shifti na wenzake ili asubuhi anifunge vifungo vya blauzi. Ni mtu mpole, na vifungo vidogo vinamshinda. Nilimtukana kwa ajili ya vifungo. Alikuwa akifika kile cha mwisho juu anaona kimoja kimebaki chini, anafungua vyote, anaanza tena.

Tukaenda hospitali kubwa. Tulikaa kwenye foleni kuanzia alfajiri hadi karibu saa nane, siku tatu tofauti. Siku ya pili mama mmoja mzee wa Kola, aliyekuwa na mguu uliofungwa bendeji, alifungua thamosi yake na kunipa uji. Aliponiona natazama kikombe bila kukipokea, hakuuliza. Alikishika mwenyewe mdomoni pangu hadi kikaisha, akafuta kidevu changu kwa kidole chake, akaendelea kuongea na jirani yake habari za mbegu. Sikumjua jina. Katika miezi ile yote, hicho ndicho kitu nilichokielewa bila kuelezwa.

Siku ya tatu nilimkuta daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya kuchoka. Alinyanyua mkono wangu, akauachilia, ukaanguka.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Niko tu nyumbani," nikasema. Naam, nilisema hivyo. Nilikuwa nimezoea kwamba kazi inayofanyiwa nyuma ya nyumba haihesabiwi, na ningeshikilia hapo kama Mutua asingekohoa.

"Anatengeneza mapambo, daktari. Mapete, na ndege za chuma."

"Kwa kutumia nini?"

Mutua akataja yote: fedha, shaba, gesi, asidi, mawe, betri. Alipofika kwenye betri, daktari aliweka kalamu chini. Aliniambia nifungue mdomo. Akavuta mdomo wangu wa chini kwa kidole chenye glavu, akamwonyesha Mutua mstari wa rangi ya wino uliopita kwenye ufizi, chini ya meno. Mimi nilikuwa nimeuona mstari huo kwenye kioo nikadhani ni uchafu, nikausugua kwa mswaki hadi damu.

"Hii kitu unaila aje?" akaniuliza. "Kushika peke yake haiwezi kufikisha mtu hapa."

Nikamweleza habari ya kulamba. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha akaniomba nirudie.

Damu ilipelekwa Nairobi na majibu yakachukua wiki mbili. Yalipokuja, daktari alitusomea, akatueleza kwamba kuna dawa ya kuvuta madini hayo kutoka mwilini, kwamba itakuja kwa raundi, na kwamba hakuna anayeweza kuniahidi nini kitarudi na nini hakitarudi. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, "Nani mwingine anafanya kazi hapo ndani?"

Nikasema hakuna. Mutua akasema, "Kuna mdogo wake. Aliacha mwezi wa nane." Akahesabu kwa vidole. "Na ako na mimba. Saa hii ni kama miezi saba."

Niligeuka nikamtazama. Sikuwa na habari ya mimba yoyote. Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia.

"Mama Mumo, alikuambia mwenyewe," akasema. "Ulimpikia kuku siku hiyo."

Nilitafuta kichwani hiyo siku ya kuku. Hakuna kitu. Sikupata hata harufu yake. Ndipo nikakumbuka kijitabu cha kliniki nilichokisukuma kando.

Daktari alisema Kalondu apimwe wiki hiyohiyo, kwa kuwa kilicho kwenye damu ya mama kinamfikia mtoto, na mtoto wa tumboni hana namna ya kukikataa. Tulipotoka nje nilimpigia Kalondu kwa mkono wa kushoto. Simu haikuingia. Nikapiga kwa simu ya Mutua, ikaingia, aliposikia sauti yangu ikakatika. Nilimtumia ujumbe mrefu, na ukiutazama leo utaona maneno yamepinda na nusu yake hayana maana. Mtu aliyesemekana kachanganyikiwa anakutumia ujumbe kwamba ulilishwa sumu kazini kwake. Ningekuwa yeye nami ningekata.

Wiki hiyo raundi ya kwanza ya dawa ilianza. Vidonge vilinuka mayai yaliyooza, na baada ya siku mbili nami nikanuka hivyohivyo, jasho, mkojo, pumzi. Mutua alifungua wakshop ili asafishe, kitambaa mdomoni, akimwaga maji kila mahali vumbi lisiruke. Aliporudi alikuwa ameshika kifurushi cha gazeti. Alikikuta kwenye droo ya kazi zilizokwisha. Ndani mlikuwa na kidani cha fedha, kimesuguliwa, kimekamilika, na jiwe la kijani limekaa katikati, limeshikwa na kucha nne safi za fedha. Juu ya gazeti kulikuwa na jina la mama wa Syokimau kwa mwandiko wangu. Nilikigeuza mara nyingi. Ilikuwa kazi nzuri, nzuri kuliko ambavyo ningeweza kufanya hata nikiwa mzima, na sikumbuki hata dakika moja ya kuifanya.

Basi nilijua la kumwambia dada yangu. Nilidhani najua.

Tulimfuata Matuu, kwa watu wa mumewe alikohamia, Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Maembe yalikuwa yameanza kujaa sokoni. Kalondu alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya meza ya maembe, tumbo limejaa mapajani, anamfungia mteja. Aliponiona alimaliza kufunga, akapokea pesa, akarudisha chenji, ndipo akatazama. Hakunitazama mimi, alimtazama Mutua.

"Baba Mumo, ulisema unakuja peke yako."

"Alikataa kubaki," Mutua akasema.

Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kama mtoto wa shule anayesubiri kukariri. Nikamwambia jiwe limepatikana, kwamba nililipachika mwenyewe nikasahau, kwamba nilimwonea. Nikamwambia habari ya risasi na ya kulamba, na kwamba apimwe, yeye na mtoto, tafadhali, hata kama hataki kuniona tena maishani. Nilimwonyesha mkono wangu unaoning'inia ili aamini. Alisikiliza yote akipanga maembe upya, makubwa mbele.

"Mwikali," akasema, "unafikiria niliondoka juu ya jiwe?"

"Nilikufukuza kwa sababu ya jiwe."

"Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mimi nilirudi Jumanne."

Nikamtazama Mutua. Alikuwa anatazama maembe.

"Nilirudi," Kalondu akaendelea, kwa sauti ya chini kwa kuwa palikuwa na watu. "Nilisema ni hasira yake tu, itaisha. Nikavua viatu nikawasha redio. Ukaniuliza jiwe liko wapi, nikakuambia sijui. Ulikuwa umewasha tochi. Ukanisukuma kwa ukuta ukaileta hapa." Akapima kwa kiganja, shubiri moja kutoka tumboni. "Ukasema utanichoma mpaka nilitapike. Niliweka mkono mbele. Baba Mumo ndiye alikutoa, alikuwa bado hajaenda kazi."

Akavuta mkono wa sweta. Karibu na kiwiko palikuwa na alama laini inayong'aa, ndefu kama kidole.

Nilitafuta. Nataka unielewe hapa, wewe unayesoma. Nilitafuta kwa nguvu zangu zote, nimesimama katikati ya soko, nikiangalia ule mkono ambao nilikuwa nikiuogesha alipokuwa mtoto. Niliipata Jumatatu, mkoba, kitana, funguo. Jumanne haikuwepo. Ni kama mtu anakuelekeza nyumba yako mwenyewe na kukuambia kuna chumba hukijui, na ukutani kuna damu.

"Sikumbuki," nikasema.

"Najua. Baba Mumo aliniambia hukumbuki. Hiyo ndiyo inaniuma. Mimi naiona kila siku, na wewe umetoka Machakos kuniomba msamaha ya jiwe."

Nikaanza kusema haikuwa mimi, ilikuwa sumu. Nilikuwa na haki ya kulisema, daktari mwenyewe alituambia inaharibu akili na hasira. Kalondu alinikatiza bila ukali.

"Inaweza kuwa ni sumu. Lakini ni wewe nilikuwa naangalia."

Nilikuwa na maneno ya kosa moja na nikapewa lingine kubwa ambalo sikuwa na sura yake. Unaombaje radhi kwa jambo usilolijua, bila kuwa mwongo? Nilimwambia tu hivi: sikumbuki, lakini wewe unakumbuka, na mimi nakuamini wewe kuliko kichwa changu. Nisamehe kwa hilo unalokumbuka. Nililia pale, mbele ya wanunuzi, na Kalondu akanipa karatasi ya kufungia maembe nijifute.

"Nitaenda kupimwa," akasema. "Lakini naenda na bwanangu. Na si juu yako."

Nyumbani nilimuuliza Mutua kwa nini alinificha. Alisema kila siku alitaka kuniambia, na kila siku aliniona nikishindwa kushika kijiko, akaona nimebeba ya kutosha. Nilikasirika, kisha nikaona ni hasira ya kawaida, ile ninayoifahamu, yenye mwanzo na mwisho, na nikafurahi kuiona. Nilimshukuru na kumlaumu kwa pumzi moja. Alikuwa amenilinda mimi na kumwacha Kalondu abebe peke yake.

Hili ndilo ningependa ulichukue kutoka kwangu, kama ugonjwa wako unagusa kichwa. Ukianza kupata nafuu, waulize uliokaa nao ulifanya nini. Usingoje wakuambie, kwa sababu wanaokupenda hawatakuambia. Na ukiambiwa, usikimbilie kueleza.

Wiki mbili za kungoja majibu ya Kalondu zilikuwa ndefu kuliko zangu. Nilikuwa kwenye mapumziko kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Tumbo lilikuwa limefunguka, chai imeanza kuwa chai. Nilikaa nje ya nyumba nikifanya mazoezi ya mkono, kiganja juu ya meza, inua, kisiinuke, inua tena. Kalondu hakunipigia. Alimpigia Mutua, ambaye alisikiliza huku anatikisa kichwa kukubali, akikubali, akikubali, nami nikataka kumnyang'anya simu.

Risasi ilikuwepo kwenye damu yake, lakini kidogo. Daktari alisema hakuna kiasi kinachoitwa kizuri, ila hiki hakihitaji dawa. Mtoto atapimwa akizaliwa na atafuatiliwa. Akasema pia kwamba iliyomsaidia ni ile miezi aliyokaa Matuu, mbali na meza yetu.

Sijui niweke wapi jambo hilo. Kama nisingemtisha kwa moto, angebaki. Angekaa bega kwa bega nami dirisha likiwa limefungwa, akilamba mawe hadi mwezi wa tisa wa mimba, kwa sababu dada yake mkubwa alimfundisha hivyo. Wapo walioniambia ni mpango wa Mungu. Namheshimu Mungu, lakini siwezi kumbebesha ile tochi. Na siwezi kushukuru kwa ajili ya alama iliyo kwenye mkono wa Kalondu. Kwa hiyo ninapofika kwenye wazo hilo huwa nasimama tu, sijui pa kwenda, kisha nafanya kitu kingine.

Raundi ya tatu iliisha mwezi wa pili. Ufizi umerudi rangi yake, sketi zimetulia. Nasahau majina, lakini watu wa umri wangu wote wanasahau majina. Mkono wa kulia unainuka hadi katikati, halafu unatetemeka, na mtaalamu wa mazoezi anasema tungoje. Wakshop sasa ina madirisha mawili na hakuna tena sufuria ya risasi. Korongo wanasimama kwa zege, ni wazito kubeba na Mutua analalamika mgongo. Juu ya meza kuna bakuli la maji. Mabroka wananicheka ninapochovya mawe. Mmoja alijaribu kuniuzia chupa.

Kalondu alijifungua msichana kabla ya mvua ndefu. Mtoto alipimwa, na wakasema warudi baada ya miezi mitatu, kwamba kwa sasa ananyonya vizuri na analia vizuri. Sikwenda Matuu. Hakuniita, na nilikuwa nimeamua nisiende nisipoitwa, uamuzi ulionigharimu sana mtu kama mimi.

Juma lililopita walikuja wenyewe. Nilisikia lango, nikatoka, nikamkuta Kalondu amesimama uani na mtoto kifuani, mumewe nyuma yake na mfuko wa nepi. Hakuangalia upande wa wakshop. Nikaleta viti nje, Mutua akaleta chai. Tuliongea habari za barabara, za bei ya maembe, za Mumo na mtihani wake. Mtoto alikuwa na nyusi za mama yetu, amezikunja kana kwamba tumemchelewesha.

"Si umshike," Kalondu akasema.

Nikamwambia mkono wangu bado, naogopa.

"Kaa vizuri, egemea. Weka ile ya kushoto chini."

Nikakaa, nikaegemea. Akamlaza mikononi mwangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani na mwenye joto, na alinitazama kwa lile jicho la watoto wachanga lisilotulia. Nilimwita kwa jina lake. Kalondu alikuwa ameinama karibu nami, ninasikia harufu ya maziwa kwenye nguo yake, na mkono wake mmoja ulikuwa umebaki chini ya mtoto, chini ya mkono wangu, umeshika.

Ulibaki hapo muda wote nilipomshika. Sijui ulikuwa hapo kwa sababu ya kifundo changu dhaifu au kwa sababu ya ile Jumanne. Sikuuliza, naye hakuuondoa.